Udongo wa Ukingoni

Marsiana alikuta watu shambani kwake, na kabla hajashusha jembe begani alijua wamekuja kulichukua shamba lenyewe. Mwenyekiti wa kijiji, Adriano, alikuwa amesimama katikati ya nyasi zilizomfika kiunoni.

"Mama Kalisti, mwaka wa tatu huu hujalima. Hili limeshakuwa pori. Kijiji kinawapa wenye mashine ya kokoto."

Pori! Mfipa mzima, aliyekuzwa kwa uji wa ulezi, anaita nyasi pori! Hasira ilimpanda Marsiana. Nani asiyejua kwamba huku nyasi huachwa zikue makusudi, kisha mvua zikielekea kuisha hufukiwa ndani ya ntumba, yale matuta ya duara, zioze ziwe mbolea? Adriano alijua vizuri sana. Alikuwa amejitoa ufahamu tu.

Aliyeshika fomu ya ardhi, na nondo ya kupimia kina cha udongo, ni kijana mmoja, Cleophas, mtaalamu wa miamba kutoka Sumbawanga mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe unasema ni pori?"

Cleophas alionyesha kule shamba linakokatika ghafla, ambako mabati ya kijiji cha Milepa yalimeta chini kabisa bondeni. Akaeleza bila majivuno kwamba jiwe walilolikanyaga lina umri wa karibu miaka bilioni mbili. Baadaye sana ardhi ikapasuka, bonde likadidimia, Ufipa ikabaki juu. Tangu hapo kila mvua inakwangua udongo na kuushusha bondeni.

"Ndiyo maana hapa ukingoni limebaki jiwe, mama. Nimepima pale kwa jirani. Shubiri moja tu, nondo ikagonga mwamba."

"Kwa jirani ndiyo kwangu?"

"Muda umekwenda," Adriano aliingilia.

Marsiana alimpokonya kijana nondo, akaenda katikati ya nyasi zake, akaikita kwa nguvu zote. Ikazama shubiri. Akaikandamiza tena. Ikazama mpaka kina cha mkono mzima, kuanzia vidole hadi kwapa, ndipo ikagonga jiwe.

Cleophas alipiga magoti, akachimbua konzi ya udongo mweusi, akaunusa. "Jiwe hili haliwezi kutoa udongo kama huu," alisema polepole.

"Umetoka kwenye mgongo wangu," Marsiana alisema, "na wa mama mkwe wangu kabla yangu. Kila tukirudi kulima tunafukia nyasi, na ntumba zinashika maji yasikimbie. Nchi ilipasuka, sawa, bonde likashuka. Sisi tumekataa kushuka nalo."

Kijana alifuta neno "pori" kwenye fomu. Akaandika: shamba, limepumzishwa.

"Wewe umeletwa kupima mawe!" Adriano alifoka.

"Nimepima, mwenyekiti. Shamba halichukuliwi mpaka mwenyewe aridhie."

Sauti ya Adriano ikawa laini ghafla, ya mtu anayeomba chumvi. Akamnyooshea Marsiana kalamu. "Basi saini, mama yangu. Wenye mashine wanasubiri, wana haraka."

Marsiana alicheka, kicheko kikubwa cha kumkera mtu.

"Waambie waende zao. Na hilo jiwe lisiwatie presha. Limekaa miaka bilioni mbili, halitachacha."