Kiatu cha Vidar

...na hiki nacho kitupwe, eti cha Vidar, kana kwamba mungu huyo hajashiba ngozi tangu dunia iumbwe, Oddny anawaza, kisu kikizunguka pale kiatu kinapokunjia vidole, kipande kidogo kama sikio la mwanakondoo, kipande kizuri, kingeziba tundu la kiatu chake mwenyewe linaloingiza theluji tangu juzi, lakini wapi, upande wa pili wa moto mama mkwe wake Steinvor ameshanyoosha kiganja, "Lete hicho, usikibane, nimekiona," na Oddny anakitoa, atafanyaje, fahali mmoja tu ndiye waliyemchinja mwaka huu na ngozi yake inakwenda kwa mgeni ambaye hajawahi hata kupiga hodi... "Ncha na kisigino," bibi anasema, akikirusha nje kupitia mlangoni, "ncha na kisigino, ndivyo mama zetu walivyotupa na mama zao," na sasa ataanza, Oddny anajua ataanza, ameshajipangusa mdomo... "Maana vipande vyote hivyo, mwanangu, Vidar anavikusanya, anashona kiatu kimoja kinene kuliko vyote, na siku ya mwisho, Fenrir yule mbwa mwitu atakapommeza Odin, baba wa miungu, nani atainuka? Mwanawe. Yule yule asiyesema. Atakanyaga taya la chini kwa kiatu hicho, atashika la juu kwa mkono, atalipasua domo lile kama samaki mkavu!" Ndiyo, mama, kama samaki mkavu, jana pia lilipasuka kama samaki mkavu, na juzi, na kila siku tangu kondoo waliposhushwa kutoka mlimani na mzee Hallstein, mume wa bibi, akaletwa nyumbani juu ya ubao, na kila siku hadithi inafika hapo hapo na bibi anageuza shingo hapo hapo, kuelekea mlangoni, ambako mwanawe Glum amekaa ananoa shoka, kwaruu, kwaruu, na kusema kama anayesema na moto, "Wengine baba zao wamemezwa, mbwa mwitu wanamjua anapolala, viatu wanashonewa, na bado wamekaa."

Glum anageuza shoka. Kwaruu. Huyu ni mume au gogo, Oddny anawaza, angalau gogo ukilichoma linatatarika, mwanamume gani huyu anatukanwa na mama yake mchana kutwa asiseme hata nyamaza, hata ndiyo, hata nenda kaoge, leo asubuhi tu ndipo alipofungua kinywa, "Nishonee viatu. Soli nene," vya wapi, wewe? "Vya kutembea." Kutembea! Bonde limejaa theluji mpaka kwenye mapaja ya farasi, mtu anatembea kwenda wapi, mto huu una nyumba mbili tu, hii na ile ya Bersi, Bersi aliyemuua Hallstein, na ukitoka hapa na shoka na viatu vipya hupotei njia... na yeye Oddny akasema sawa, akaenda kutoa ngozi, hakuuliza tena, na hilo nalo linamkera, kisu kimemchoma kidole, shetani wa ngozi ngumu hii... "Alikuwa amesimama tu," bibi anasema, "mikono mitupu, mume wangu, anatazama farasi wakipiganishwa mchezoni, na Bersi akamjia na shoka," mikono mitupu, haya tena, mikono mitupu... Glum alimwosha baba yake siku ile, peke yake, alifika kwenye miguu akaishika muda mrefu akasema, "Imekuwa midogo," basi, hayo ndiyo maneno yake yote ya msiba, na Oddny aliyeshika beseni alitaka kumgusa bega, na beseni lilikuwa limejaa, kwa hiyo hakumgusa... kimya kingi kina mshindo, watu husema, lakini mshindo wenyewe utaangukia nani, mke wa Bersi ni Groa, amenyonya ziwa moja na Oddny, watakaa wajane wawili kwenye mto mmoja wanafuliana sanda, na huyu bibi ataendelea kutupa ngozi... na hivi huyo mbwa mwitu alitoka wapi, mbona hilo halisemwi, si miungu wenyewe walimlea, walimlisha kwa mikono yao uani kwao, na alipokuwa mkubwa mno wakamdanganya, acha tukufunge uzi huu, ni mchezo tu, tutakufungua, na hawakumfungua, wakacheka, wote wakacheka isipokuwa mungu Tyr aliyekuwa ameweka mkono kinywani mwa mnyama kama rehani, nao ukabaki humo, na leo tunamkatia Vidar ngozi kana kwamba mnyama aliamka siku moja akaanza tu kumeza watu, hakuna anayeuliza nani alianza...

Kisu kinasimama. Nani alianza. Farasi wa Bersi alikuwa mwekundu, anashinda, amemng'ata shingo yule mweusi wa kwao, na watu wanapiga kelele, na Glum hayupo, Glum yuko mlimani na kondoo, na Oddny yuko karibu, karibu kabisa, na Hallstein anainua fimbo yake ya kuchochea farasi na hachochei wa kwake, anaichomeka kwenye jicho la yule mwekundu, makusudi, anaizungusha, na farasi analia kama mtoto, na Bersi anasema, "Hallstein, toa," mara mbili alisema, "toa fimbo," na mzee anacheka na sasa anampiga Bersi mwenyewe usoni, damu, na ndipo shoka... mikono mitupu! Na jioni ile mjane kampakata maiti, anasema mikono mitupu, nani angembishia mtu mwenye damu ya mumewe mapajani, kesho, Oddny alijiambia, nitamwambia Glum kesho, na kesho ikaanguka theluji, na kesho yake uongo ulikuwa umeshakaa mezani unakula nasi, na miezi mitatu amekuwa akimlaani mumewe kwa kunyamaza, gogo, bubu, jiwe, na Glum ananyamaza kwa sababu hajui, anajua alichoambiwa tu, na mwenye kujua ni huyu anayemshonea viatu akauawe navyo... "Mbona umeacha kukata?" bibi anauliza, kiganja wazi, na Oddny anamtazama, ataniita nyoka, atanifukuza nikalale na kondoo, na Glum huenda asiniamini, huenda aniamini na bado aende, jicho la farasi halimrudishi baba wa mtu, lakini jambo la pande mbili watu hulipeleka barazani likasikilizwa, la upande mmoja hupelekwa kwa shoka... "Oddny, nasema na wewe, lete kipande," na yeye anatafuta neno la kwanza kati ya yote anayodaiwa kusema, farasi, fimbo, mara mbili, na la kwanza, anaona, ni jina tu, ambalo hajalitamka miezi yote hii, amekuwa akimwita wewe, wewe, njoo ule, na sauti inamtoka kavu, ndogo, hata moto umeizidi, "Glum."

"Naam?" Papo hapo, kabla jina halijaisha.