Uzi wa Upande Mmoja

"Hivi huyo mwanao, kazi yake hasa ni ipi?" Mama Masizi aliwahi kumuuliza jirani yake, Mama Profesa, siku moja walipokaa kizingitini wakichambua mboga. Mama Profesa akajibu kwamba mwanawe anapima miji. Mama Masizi, muuza mkaa ambaye hata akioga mara tatu kucha zake hazikubali kutakata, akataka kujua kama anaipima kwa futi kamba au kwa macho. Wakacheka wote wawili, ila Mama Profesa alicheka kwa nusu mdomo, maana hata yeye alikuwa hajui.

Alikuja kujua pale mwanawe na mkewe walipohamishia ugomvi wao mezani kwake. Kila Jumapili walikuja kula, na kila Jumapili chakula kilipoa wakibishana. Ofisi ya mipango miji ilikuwa imewapa kazi moja: waseme barabara pana ya mabasi ipite wapi, mtaa huu wa Mama Profesa au mtaa wa nyuma wenye vilabu vya pombe. Profesa alisomea fizikia. Kwake yeye watu wa mji ni kama maji. Ukijua wingi wake na upana wa mfereji, umemaliza kazi. Mkewe alisomea mambo ya jamii, naye akasema maji hayana mashemeji, wala hayazunguki mitaa mitatu ili yasikutane na mke yaliyemwacha.

"Wewe unahesabu vichwa kama mchunga ng'ombe," mkwe alimwambia.

"Na wewe unakusanya umbea, unauita utafiti."

Mkuu wao alizirudisha ripoti zote mbili, akasema anataka moja. Mama Profesa akawa anakesha magotini, si kwa ajili ya barabara, bali kwa ajili ya ndoa ya mwanawe.

Siku walipopatana, alidhani maombi yake yamejibiwa. Fikra ilikuwa ya mkwe. Wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja: ukizidiwa, unamgongea nani? Kila jibu ni uzi unaofunga nyumba na nyumba. Profesa angezihesabu nyuzi hizo na kuziingiza katika hesabu yake ya maji. Mtaa wenye nyuzi nyingi ungekuwa mzito kuuhamisha, kwa sababu ukimng'oa mmoja umewang'oa kumi. Mtaa usio na nyuzi, watu wake ni maji tu. Unawaelekeza kwingine, wanatiririka. Mchana ule Profesa alimwekea mkewe nyama kwa mkono wake mwenyewe, na Mama Profesa akaenda jikoni kufuta machozi.

Alitakiwa mwenyeji wa kumtembeza mkwe ili milango ifunguke. Mama Profesa akajitolea, na jibu la kwanza likawa lake.

Mkwe alimuuliza palepale kwenye kochi, kalamu mkononi. Mama Profesa hakuhitaji kufikiri. Mwaka uliopita homa ya matumbo ilimlaza wiki saba. Profesa alikuwa ng'ambo kwenye mikutano yake, na kwenye simu mama yake alimwambia ni malaria kidogo, imeshapita. Aliyemwogesha ni Mama Masizi. Ndiye aliyembadilishia shuka, akamlisha uji kwa kijiko, akamwaga ndoo ambayo hata mtoto wa kumzaa angeziba pua. Lakini aliitazama ile kalamu, akakumbuka ni nani atakayeyasoma maandishi yale. Mama wa profesa mzima, kuogeshwa na kutawazwa na muuza mkaa!

"Mimi simgongei mtu," akasema. "Mungu ananitosha."

Na akajisikia kama ametoa ushuhuda.

Wakatoka. Kila mlango Mama Profesa alitangulia kuusimulia ushuhuda wake, eti kuwaonyesha wenzake namna ya kujibu. Nani angejishusha mbele yake? Fundi baiskeli, ambaye watoto wake walilelewa na mtaa mzima mama yao alipofariki, alikohoa na kusema Mungu tu. Mwalimu mstaafu, asiyeona tena na anayeshikwa mkono kila asubuhi hadi dukani, naye akasema Mungu tu. Ni Mama Masizi peke yake aliyenyoosha kidole chake cheusi. "Huyu hapa. Mimi nikizidiwa namgongea huyu." Mama Profesa akakiweka sawa kitambaa cha kichwani, akatazama mtaro.

Mtaa wa nyuma mkwe alikwenda peke yake. Huko walevi walitajana mpaka karatasi zikaisha.

Mwezi ulipopita, mume na mke wakaja na ramani ndani ya kompyuta. Kabla hawajaifungua, Mama Profesa alimwita Mama Masizi aje ajionee kazi ya mwanawe. Akamkalisha kwenye kiti cha mbao, si kwenye kochi. Profesa na mkewe walikaa bega kwa bega, wamenawiri kama maharusi. Mtaa wa nyuma ulionekana umejaa nyuzi za manjano, utadhani utando wa buibui. Mtaa wao ulikuwa mweupe. Katikati ya weupe ule palipita mstari mnene mwekundu wa barabara, juu ya nyumba thelathini na moja.

"Mimi nilitaja mtu," Mama Masizi akasema. "Uzi wangu uko wapi?"

Profesa akamweleza kwa adabu zote. Uzi wa upande mmoja hauhesabiki, maana mtu anaweza kumtaja hata rais. Mpaka yule wa pili naye akutaje. "Na mama hakukutaja, shangazi. Alisema hivi." Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale Mungu anapomtosha.

Mama Profesa alimwomba arekebishe. Profesa akasema hata akiongeza nyuzi tano mstari hausogei, na kubadilisha jibu baada ya kuona matokeo ni wizi. Si yeye mwenyewe aliyemfundisha hivyo? "Halafu wasiwasi wa nini, mama? Wewe chumba kwetu unacho." Mama Masizi atakwenda wapi, hilo halikuulizwa na mtu.

Mkwe ndiye aliyekuwa akiwatazama wale wanawake wawili. Akasema taratibu kwamba hesabu haitabadilika, lakini pembeni pana nafasi ya kuandika ukweli. "Mama, mwaka jana ulipougua, nani alikuwa na wewe?"

Profesa akageuka. "Si ilikuwa malaria ya siku tatu?"

Mama Masizi hakumsaidia kujibu. Alikaa mikono mapajani, akimtazama usoni, akingoja.

Mama Profesa alimwangalia mwanawe, kola nyeupe, miwani, paji la uso la marehemu baba yake.

"Siku tatu tu," akasema. "Nilijiweza."

Mkwe akaandika. Mama Masizi akainuka. Akakifuta kile kiti kwa upindo wa nguo yake, kuanzia kwenye egemeo hadi kwenye miguu, kisije kikabaki na weusi. Akavaa ndala zake mlangoni, akatoka.