Bibi Harusi wa Kilo Saba

Mwalimu mkuu mstaafu alisoma masharti ya shirika moja la ndege za bei nafuu kama mtu anayesoma hati ya nyumba. Begi moja la mkononi kwa kila abiria. Uzito usizidi kilo saba. Begi lenyewe liingie bila kusukumwa ndani ya kisanduku cha chuma kilichowekwa langoni, na atakayezidisha alipe, tena malipo yaliyopita bei ya tiketi. Mtu mwingine angelalamika. Yeye alifurahi. Alikuwa ametunga masharti na kuyasimamia maisha yake yote, na wanafunzi waliompa jina la Rula hawakumsingizia. Hatimaye alikuwa amepata watu wanaofikiri kama yeye.

Dada yake, fundi wa nguo, mkubwa wake kwa umri na kwa mwili pia, hakusoma chochote. Kichwani mwake mlikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni gauni la harusi la binti yake, aliyekuwa akiolewa katika mji ambao kwa basi usingefikika kwa wakati. Alilishona bila kumpima mwenyewe, kwa kukumbuka tu mwili wa mwanawe. Lilikuwa gauni la satini, jeupe, na chini yake neti juu ya neti, maana dada huyu aliamini kwamba bibi harusi anayeweza kupita mlangoni bila kugeuka upande hajavaa kitu.

Rula akapanga safari. Nguo zao wote wawili zikaingia begi moja, la pili likawa la gauni peke yake. Walilikunja sebuleni, wakalitoa hewa kwa mikono, kisha dada akalikalia begi huku ndugu yake akivuta zipu kwa meno yaliyobaki. Likafunga. Rula akalipima kwa futi kila upande, akatangaza kwamba limefaulu.

Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa begi. Huyo bibi harusi, mpwa wake, alikulia nyumbani kwake, tangu baba yake alipofariki yeye akiwa bado mdogo. Mjomba alimtarajia awe mwanasheria. Binti akawa mchekeshaji wa jukwaani. Rula alinuna kwa muda aliouona unatosha kwa mtu wa hadhi yake, kisha akakubali kwenda kumwona. Akakaa nyuma ya ukumbi, koti limefungwa vifungo vyote. Mpwa akapanda jukwaani, naye amevaa koti kubwa na miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua, akakohoa kikohozi ambacho Rula alikijua vizuri sana, maana kilikuwa chake. Akaigiza mjomba anavyokagua kucha za wageni kabla hajawakaribisha viti, na anavyowasahihisha watu sarufi msibani. Watu wakavunjika mbavu. Rula akasimama, akatoka.

Nyumbani alimwambia, mbele ya ndugu waliokuwepo, kwamba amemuuza mjomba wake kwa bei ya makofi. Baadaye binti alihama mji, na kwa miaka mitatu salamu zao zilipitia kwa dada, naye akizitia sukari kidogo njiani. Hata mwaliko wa harusi ulipitia huko huko. Rula alikuwa ameuliza mara moja tu ni nani atakayemsindikiza bibi harusi kuingia ukumbini, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Dada akamjibu kwamba mwenyewe atamwambia wakionana. Rula alitaka kuombwa yeye. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote, na hakuna mtu duniani aliyeambiwa.

Basi wakafika uwanja wa ndege, yeye mbele, dada nyuma akihema. Ukaguzi ukapita salama. Ila walipokuwa wamekaa kungoja, gauni likaanza kupumua. Neti si kitu cha kuaminika. Begi likavimba taratibu, zipu ikaanza kuachia jino moja moja, na walipoitwa kwenye foleni lilikuwa la mviringo kabisa.

Mhudumu wa langoni, msichana mmoja mwenye adabu na kucha nyekundu, akaomba liwekwe kwenye kisanduku. Halikuingia. Rula akaligeuza, halikuingia. Dada akaliegemea kwa uzito wake wote, nao haukuwa uzito wa mchezo, likaingia nusu na nusu ikabaki juu inawatazama. Mhudumu akaeleza kwa upole kwamba lazima lilipiwe au libaki. Hela hiyo hawakuwa nayo. Dada akaanza kulia bila sauti, na Rula, ambaye angeweza kuvumilia kelele, kimya kile hakukiweza.

Kwa mazoea ya kazi akakimbilia masharti. Akamuuliza mhudumu kama ni kweli, kama alivyosoma, kwamba nguo aliyovaa abiria haipimwi wala haihesabiwi.

"Ni kweli, Mzee," mhudumu akasema. "Mtu akivaa, imekwisha hiyo."

Rula akamgeukia dada yake kwa furaha na kumwambia avae. Dada akaacha kulia, akamtazama kwa muda. Kisha akajitazama mwenyewe, kuanzia kifuani kushuka chini. Halafu akamtazama tena mdogo wake: yale mabega membamba, ule urefu, kile kiuno ambacho mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu kwa msumari. Katika ukoo mzima hakuna asiyejua kwamba yule binti sura alichukua kwa baba, na mwili, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, alichukua wote kwa mjomba.

"Hapana," akasema Rula.

"Mdogo wangu," akasema dada, akafungua zipu ya begi.

Foleni nzima ilikuwa ikisubiri. Rula akatafuta katika masharti mahali paliposema ni nani avae nini, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba masharti yale yaliandikwa kizembe. Akawaza kugeuka, apande teksi, arudi nyumbani na heshima yake. Kisha akamwaza mpwa wake kesho yake mbele ya watu, ndani ya gauni la kukodi lililokwisha kuvaliwa na wengine kumi. Akapiga moyo konde. Akavua koti, akalikunja vizuri, akainua mikono juu kama mtoto anayevalishwa.

Gauni likashuka juu ya shati na suruali yake kwa mlio wa satini. Dada akavuta zipu ya mgongoni, na zipu ikapanda moja kwa moja hadi juu bila kukwama popote. Hapo fundi akasahau alipo. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akamwambia ageuke. Akashika kiuno, akavuta bega, akapiga magoti kuangalia pindo, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Kwa wiki zote zile alikuwa anashona gizani, akiogopa kwamba mikono yake imesahau mwili wa mwanawe.

"Limekaa," akasema. "Mwanangu litamkaa."

Mhudumu aliangalia kisanduku, ambamo begi sasa lilikuwa limelala na koti moja tu ndani yake, akawaruhusu wapite. Alikuwa anauma midomo kwa nguvu. Kosa halikuwa lake, yapo mambo ambayo mafunzo ya kazi hayamwandai mtu.

Ndani ya ndege Rula aliingia upande upande, kama dada yake alivyokusudia bibi harusi aingie. Watu wakanyamaza safu baada ya safu. Alipokaa, gauni halikukubali kukaa naye. Neti iliinuka mpaka kidevuni na kumfunika jirani yake mapajani, mama mmoja wa makamo aliyeishika pembe moja kwa heshima asijue aiweke wapi. Rula akatazama mbele. Masikio yalimwaka moto. Alingoja kicheko kama mtu anayengoja sindano.

Mama yule akavumilia, akavumilia, mwisho uungwana ukamshinda.

"Samahani, Mwalimu," akasema, maana ualimu ulionekana hata ndani ya satini. "Bwana harusi yuko wapi?"

Rula hakujua jibu lilitoka wapi. Alikohoa kikohozi chake, akarekebisha miwani, akamjibu kwa sauti ile ile aliyotumia miaka yote kutangaza matokeo ya mitihani.

"Alizidi kilo saba. Tumemwacha langoni."

Kicheko kikaanzia kwa mama yule, kikaruka safu ya nyuma, kikafika hadi kwa wahudumu waliokuwa wakifunga makabati. Na Rula akagundua jambo la ajabu: hakikuuma. Kilikuwa na joto. Watu hawa hawakuwa wakimpunguzia kitu; walikuwa wamemsogelea. Kijana mmoja akauliza kutoka mbali kama yupo tayari kuolewa tena, akajibu kwamba maombi yapokelewe kwa maandishi, mwandiko usomeke, na wachafu wa kucha wasijisumbue. Ndege ikalipuka. Dada yake, kiti cha upande wa pili wa njia, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

Walipokuwa juu angani, na watu wamemaliza kupiga naye picha, Rula akatulia na kuanza kuona aibu. Haikuwa aibu ya gauni. Alifikiria msichana mmoja aliyesimama peke yake jukwaani, na kumwona mtu wake wa pekee ukumbini akiinuka na kuondoka. Lazima alimwona, kwa urefu ule alionao angejificha wapi? Naye akaendelea kuchekesha hadi mwisho, kwa sababu watu walikuwa wamelipa. Rula aliumia sana. Safari nzima iliyobaki alitunga maneno ya kuomba radhi, akayasahihisha, akayapanga kwa aya.

Ndege ilipotua alitaka kuvua. Dada akakataa katakata: choo cha ndege kidogo, sakafu imelowa, na gauni ni jeupe. Akalivue nje, mahali pasafi. Kwa hiyo Rula akatokea kwenye mlango wa wanaowasili akiwa bibi harusi kamili, ameinua pindo kwa mikono miwili ili lisiguse sakafu.

Mpwa wake alikuwa amesimama kwenye kamba ya wanaopokea wageni, amevaa suruali ya jinzi na raba. Alimwona mjomba. Uso wake, ambao kazi yake ni kutosema kitu mpaka wakati wake, haukusema kitu. Akapita chini ya kamba, akaja, akamzunguka polepole, akatazama zipu, akatazama mabega. Mama yake akakaa kando na mabegi na hakuthubutu kusalimia.

Aya zote za Rula zikamtoka kichwani.

"Niliondoka kabla hujamaliza," akasema. "Siku ile. Nilidhani unanidhalilisha. Nisamehe, mwanangu."

Binti akaendelea kutazama gauni. "Kwa hiyo hukusikia mwisho wake."

"Sikusikia."

"Mwisho wake nilikuwa navua lile koti," binti akasema. "Navua na miwani. Nawaambia, huyo mnayemcheka ndiye aliyekuwa ananisuka nywele asubuhi, mama akiwahi kazini. Hajui kusuka. Alikuwa anapima njia kwa rula. Ananifinya mpaka nalia, na yeye analia kwa sababu mimi nalia. Nilikuwa nafika shule kichwa kimekaa kama daftari la hesabu. Na sikuwahi kuzifumua hata siku moja, kwa sababu nilikuwa naringa nazo."

Machozi yakamshuka Rula, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika pindo, hakuwa na ya kufutia. Mpwa wake akamfuta kwa kiganja, shavu moja kisha jingine, kwa uangalifu ili yasidondokee satini.

"Hapo watu walikuwa wanalia, Mjomba. Kila nilipofanya onyesho lile, walilia. Nilikuwa natazama nyuma ya ukumbi, labda utakuja tena."

"Nivue sasa?" Rula akauliza. "Watu wanatazama."

Mpwa akacheka, kicheko cha mtoto aliyekulia nyumba moja naye. Akapitisha mkono wake ndani ya mkono wa mjomba, akamgeuza kuelekea mlango mkubwa wa kutokea. Njia ilikuwa imefunguka katikati ya watu, na baadhi ya abiria wa ndege ile walikuwa wameanza kupiga makofi.

"Usivue kwanza," akasema. "Leo nakusindikiza mimi. Kesho utanisindikiza wewe."

Wakatoka nje taratibu, wamelingana urefu, mama yake nyuma akivuta mabegi na kuwahimiza waangalie pindo.