Kisanduku cha Kambi

Mwaka ule Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka kwa wingi, Shadya Haruna alipata kazi katika shirika moja lenye ofisi Katubuka. Alikuwa mtoto wa Ujiji, binti wa mfanyabiashara wa dagaa. Kazi yake ilikuwa kukaa na kompyuta kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi karibu na bandari, kusikiliza shida zao. Kila shida iliingizwa kwenye mfumo ikawa shauri lenye namba yake, na kila shauri lilipita hatua zake: limepokelewa, limehakikiwa, limepangwa, limefungwa. Ndani ya shauri kulikuwa na visanduku vya kujaza: jina, kaya, ndugu, kambi anayokwenda.

Mwanzoni karani yeyote aliweza kubadilisha kisanduku chochote, na watu wakajua. Baba yake mdogo, Swaibu, alizoea kuja nyumbani kwao Buzebazeba baada ya magharibi. Anakunywa chai, anasifu jinsi Shadya alivyolelewa, halafu anataja jina la Mrundi aliyewahi kufanya naye biashara ya mawese, kwamba itakuwa vizuri akipelekwa kambi ya karibu na barabara. Shadya alikuwa anatazama chini. Kumkatalia baba mdogo si jambo dogo. Baadaye karani mmoja wa kituo kingine akafukuzwa kazi kwa kubadilisha kambi za watu, na makao makuu yakaurekebisha mfumo. Tangu hapo, shauri likishafika hatua ya "limepangwa", visanduku vya kaya, ndugu na kambi vinageuka rangi ya kijivu. Karani anavisoma tu, hawezi kuvigusa.

Shadya alifurahi kuliko wenzake wote. Swaibu alipokuja tena alimjibu bila kuogopa kwamba hana ruhusa, na ulikuwa ukweli mtupu.

Leonia alifika kituoni msimu wa mvua, na watu walioletwa na meli kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani. Alikuwa mjane wa makamo kutoka upande wa Rumonge, na alikuwa amefuatana na mwanamume wa miaka kama thelathini aliyeitwa Bonfils. Bonfils alikuwa kiziwi tangu utotoni. Hakuwahi kupelekwa shule wala hakujua kusoma. Lugha yake ilikuwa ya mikono, iliyotungwa kidogo kidogo na mama yake na Leonia, majirani wawili waliomlea pamoja. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo duniani alibaki mtu mmoja tu aliyejua Bonfils anasema nini, na mtu huyo alikuwa Leonia.

Siku waliposhuka melini, wanawake walielekezwa meza moja na wanaume meza nyingine. Bonfils alipoulizwa yuko na nani, alitabasamu. Karani akaandika kwamba yuko peke yake. Leonia naye aliulizwa kama ana ndugu aliye hai, akajibu kama ilivyokuwa, kwamba hana. Walipokutana tena upande wa pili wa uzio hawakujua kwamba wameshatenganishwa. Walijua wiki iliyofuata, orodha za mabasi zilipobandikwa. Bonfils alikuwa anakwenda kambi ya zamani, Leonia kambi mpya, na kati ya kambi hizo kuna mwendo wa saa kadhaa kwa gari.

Leonia akaja mezani kwa Shadya. Shadya akamwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua shauri la Bonfils. Lilikuwa limepangwa. Visanduku vyote vya maana vilikuwa vya kijivu. Alibonyeza kisanduku cha kambi hata hivyo. Akabonyeza tena.

"Mwananje, ni neno moja tu," Leonia alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Futa kambi hiyo, uandike yangu."

Shadya akamwelezea kwamba halifutiki. Leonia alimtazama usoni kwa muda, na Shadya alitambua kile alichokuwa anakifikiria, kwamba binti huyu anasubiri kupewa kitu. Alitamani ingekuwa hivyo. Angalau kungekuwa na njia.

Alikwenda kwa mkuu wake, Feliksi, mtu wa Kasulu, mtaratibu asiyepandisha sauti. Feliksi alilifungua shauri kwenye kompyuta yake na kumgeuzia kioo aone. Kwake pia vilikuwa vya kijivu. Akamshauri apeleke ombi maalumu kwa msimamizi wa mfumo, Dar es Salaam. Shadya akaliandika saa ile ile. Lakini ombi lilidai sababu, na sababu haikuandikwa, ilichaguliwa: mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu. Jirani hakuwemo. Akachagua ndugu. Mfumo ukalinganisha na kisanduku cha ndugu kwenye shauri la Leonia, ambacho nacho kilikuwa kimeshafungwa, kikisema hana. Ombi likarudi limekataliwa.

Akaandika la pili, akaeleza yote kwenye sehemu ya maoni: uziwi, mikono, mama aliyekufa. Kesho yake likafungwa kwa maneno mawili, ombi limejirudia.

Ndipo akampigia simu msimamizi mwenyewe, aliyeitwa Pastory. Alitegemea kumkuta mtu mkali, akamkuta mpole. Pastory alisema amesoma maoni yake na yamemgusa, lakini hata yeye hawezi kulirudisha shauri nyuma. Anaweza kulisogeza mbele tu. Masharti yaliwekwa na makao makuu ng'ambo baada ya ule ufisadi.

"Waache wasafiri," alisema. "Shauri likishafungwa, huko kambini watafungua jipya la uhamisho. Ndiyo njia iliyopo, dada yangu."

Shadya akauliza itachukua muda gani. Pastory alisema inategemea.

Kilichobaki wazi kwenye shauri kilikuwa sehemu ya maoni. Siku iliyotangulia safari Shadya alimkalisha Leonia kando ya meza, akamwomba amfundishe lugha ya Bonfils. Leonia alisema na Shadya akaandika. Akigusa koo ana kiu. Akivuta sikio anamtaja Leonia, kwa sababu ya hereni alizokuwa akivaa zamani. Viganja vikiyumba ni ziwa. Ngumi kifuani ni mama yake, na akiifanya msiogope, atalia kidogo halafu atanyamaza. Waliendelea hivyo mpaka Leonia mwenyewe akachoka, akasema haiishi, kuna mambo mengine hata hajui wanayasemaje, wanaelewana tu. Shadya akahifadhi. Baadaye aligundua kwamba karatasi wanazobeba wasindikizaji wa mabasi hazina sehemu ya maoni. Akayanakili kwa mkono na kumpa msindikizaji wa basi la kambi ya zamani, ambaye aliikunja karatasi na kuitia mfukoni bila kuisoma.

Asubuhi ya safari Leonia alisimama mbele ya Bonfils akijaribu kumweleza. Shadya aliona mikono yake ikianza na kukatika, ikianza na kukatika. Hawakuwa na ishara ya kuachana. Hawajawahi kuihitaji. Bonfils alivuta sikio, akaonyesha basi, akacheka, akapanda. Alikaa dirishani na kuweka begi lake kwenye kiti cha pembeni, kumshikia Leonia nafasi. Basi lilipoondoka aliinuka. Shadya hakutazama zaidi ya hapo. Mezani kwake, shauri lilikuwa limegeuka rangi ya kijani: limefungwa, limekamilika.

Shauri la uhamisho lilifunguliwa kweli, na kila asubuhi Shadya alilitazama. Lilikaa kwenye "limepokelewa" mvua zote, likaingia kiangazi. Hakuwa na ruhusa ya kulisogeza, maana lilikuwa la kituo kingine.

Kiangazi kilipokaribia kwisha likasogea, na siku chache baadaye Leonia alimpigia kwa simu ya kuazima. Alikuwa ameruhusiwa, ameshafika kambi ya zamani. Shadya alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akasikia kwamba upande wa pili hakuna furaha.

Leonia alieleza polepole. Bonfils alikuwa amewekwa kwenye hema la wanaume wasio na familia. Ile karatasi hakuna aliyewahi kuiona. Siku za mwanzo alikuwa akimvutia sikio kila mtu anayepita, na watu wakamdhania amerukwa na akili, watoto wakawa wanamwiga. Halafu akaacha.

"Sasa nimekuja," Leonia alisema. "Nimemwita kwa mikono, hajibu. Ananiangalia tu. Mwananje, anaona nilimtuma huku makusudi."

Shadya aliuliza kama anakula. Leonia akasema anakula, anachukua sahani aliyompakulia, anakwenda kula peke yake nyuma ya hema. Shadya akamwambia ataandika. Leonia akauliza ataandika wapi, na kabla hajajibiwa simu ikakatika.

Mbele ya meza alikuwa amesimama mzee wa Kirundi na karatasi yake ya usajili mkononi, akisubiri aitwe. Shadya akamwamkia, akamwomba namba ya shauri.