Kumlinda Machage

Machage alipolazwa Musoma, daktari alimwita mkewe, Boke, pembeni. Akamweleza kwamba ile sukari aliyougua mumewe tangu miaka ya Uhuru ilikuwa imeharibu mishipa ya moyo. Ndiyo maana alianguka kwenye shamba la pamba, jasho likimtiririka na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Sindano zingesaidia, lakini kwa mtu wa hali hiyo hasira na simanzi nazo ni ugonjwa.

"Mama, asipate mshtuko," daktari alisema. "Moyo wake hauna tena pa kuuweka."

Boke akalishika neno hilo kama amri.

Kabla hajaruhusiwa, huko kwao Bunda ikafika Operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya. Werema, mdogo wake Machage, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji kipya kilichopimwa kando ya barabara. Akapeleka mgambo kwenye nyumba ya kaka yake huko mlimani. Wakang'oa bati, wakasukuma kuta, wakapakia vyombo kwenye trekta. Boke, aliyekuwa amekwenda kutazama nyumba, alimsihi amsubiri mgonjwa apone. Werema akamjibu kwamba akianza kumhurumia ndugu yake, hakuna mwingine atakayehama. Huko juu lilibaki kaburi la Luhende tu, mtoto wao wa kiume wa pekee.

Boke akarudi Musoma, kwa binti yake Robi aliyeolewa mtaa wa Kitaji, na kila siku akapeleka uji hospitalini pamoja na uongo. Nyumba ipo. Kaburi linafagiwa. Machage akanenepa kidogo, akaanza kucheka na wagonjwa wenzake. Alitaka ukuta wa nyuma upigwe lipu kabla ya mvua, wakajadiliana mchanga utoke wapi. Boke akachangia mawazo juu ya ukuta ambao alikuwa ameuona ukianguka.

Siku ya kurudi, basi lilisimama Kiabakari, wakanywa chai. Boke alikuwa amepanga kumwambia hapo. Akamtazama anavyofurahia chai yake isiyo na sukari, akanyamaza.

Waliposhuka, Machage akashika njia ya mlimani. Boke akamvuta mkono kuelekea kwenye vibanda vya nyasi vilivyopangwa mstari. Mbele ya Machage kulikuwa na ofisi ya kijiji, imeezekwa kwa bati zake mwenyewe, rangi ya bluu aliyoipaka kwa mkono wake bado inaonekana.

Hakufoka. Aliketi juu ya mzigo, macho kwenye bati zile.

"Ilikuwa lini?"

"Ulipokuwa wodini. Nililinda moyo wako, Baba Robi."

"Werema nilikuwaga namjua," akasema. "Wewe ndiyo nilikuwa sikujui."

Tangu hapo hakumsemesha tena. Chakula chake alikigusa kidogo tu, na sindano za zahanati akazisusa. Kila asubuhi alipanda mlimani, miguu imevimba, akakae na Luhende. Boke alimfuata kwa mbali, maana akimkaribia alisimama na kugeuza uso. Siku moja alimwona ameegemea mawe ya kaburi, shati limelowa, kiganja kimebana kifua. Alipofika, alikuwa amekwisha kukata roho.

Boke aliomba kitu kimoja, azikwe hapohapo kando ya mwanawe. Werema akakataa, huko si kijijini tena, na kijiji kina makaburi yake. Msibani akasimama akasema sukari ni ugonjwa mbaya, imemnyang'anya kaka yake. Watu wakaitikia. Wengine walinong'ona kwamba Machage amerogwa.

Jioni Werema alikuja kuketi na mjane. Alilia kweli, akamshukuru kwa kumtunza kaka yake hadi mwisho. Boke alitaka kumwambia kwamba ni yeye Werema aliyemuua. Neno likamfika mdomoni, na hapo akakumbuka ile chai ya Kiabakari. Akainuka, akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.