Sahihi ya Kalunguyeye

Wiebke Harms alikuwa katikati ya kipande cha pili cha keki ya tufaha alipomwona mwanamume asiyemjua akisimama mbele ya ukumbi na kusema, "Jamani, mimi ndiye Kalunguyeye."

Keki ikamkwama. Kalunguyeye alikuwa yeye.

Hakuna aliyelijua hilo, hata Serpil, rafiki yake wa miaka mingi aliyeioka keki ile na sasa ameketi ubavuni pake. Chama chao cha watengeneza programu kilikutana kila masika katika kiwanda cha zamani cha piano huko Neukölln, Berlin, na kilikuwa na mwiko mmoja tu: kumwuliza mtu jina lake halisi. Ukija na jina la mnyama au la mboga, utaitwa hivyo hivyo mpaka siku ya kuzikwa. Kinachokutambulisha ni ufunguo wako wa umma, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliowekwa kwenye blokcheni, daftari la pamoja la mtandaoni ambako kila mtu anauona na hakuna awezaye kuufuta. Ufunguo huo una pacha wake, ufunguo wa siri, ambao mwenyewe hamwonyeshi mtu. Wa siri hutia sahihi, wa umma huthibitisha kwamba sahihi ni yake. Mambo ya pasipoti wanawaachia polisi.

Kwa Wiebke mwiko huo ulikuwa kimbilio. Zamani, kila alipopeleka kazi kwa jina lake mwenyewe, aliulizwa ni nani aliyemsaidia. Siku moja akajiita Kalunguyeye mtandaoni, huku mikutanoni akibaki Wiebke, akatuma kazi ile ile, na wale wale waliomhoji wakaisifu kwa vinywa vipana. Alicheka, kisha akalia kidogo kwa hasira, kisha akarudi kazini. Matokeo yake ni ile pochi ya vitambulisho ambayo leo wauguzi, wanafunzi na madereva huibeba katika simu zao. Shahada yako, leseni yako, vyote unavithibitisha kwa ufunguo ulio mkononi mwako mwenyewe, bila kupiga magoti kwenye dirisha la ofisi yoyote. Na katiba ya chama ilisema wazi kwamba moyo wa programu hiyo haubadilishwi bila ridhaa ya Kalunguyeye.

Sasa kampuni moja kubwa ilitaka ubadilishwe, na jibu lilitakiwa siku hiyo. Ilitaka funguo za siri za watumiaji wote zikae kwenye seva zake, eti kuwasaidia wasahaulifu. Wiebke alikuja kusikiliza tu, halafu arudi nyumbani akatume hapana yake kimya kimya kama kawaida.

"Nimelifikiria sana," mgeni aliendelea. Alijiita Falk, ametoka Munich asubuhi hiyo, ana ndevu zilizochanwa vizuri na fulana iliyochapwa ufunguo wa umma wa Kalunguyeye kifuani. "Nimeona nijitokeze mwenyewe. Nakubali. Tuwape funguo, tusonge mbele."

"Ndiye huyo?" Serpil alinong'ona. "Mimi nilidhani Mnorwe mrefu! Miaka yote nampenda mtu wa kimo hiki?"

"Serpil, ufunguo wa umma hata paka wangu anaweza kuuvaa."

"Shh, wivu huo."

Ottmar, mwenyekiti, aligonga kengele ya baiskeli aliyozoea kutulizia kelele. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa kumkosea mtu adabu kuliko alivyoogopa kudanganywa. "Ndugu Falk, si kwamba tunakushuku..."

"Hapana, hapana, mna haki." Falk akachomeka kompyuta yake. Kwenye ukuta yakatokea maneno: *Mimi ndimi Kalunguyeye.* Chini yake sahihi ndefu. Programu ya kuhakiki ikazunguka kidogo, kisha ikawaka kijani. Sahihi ni ya kweli.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu waliosimama mbele ya wanafunzi mwaka mzima wakihubiri kwamba usimwamini mtu, hakiki, walikuwa wakipiga makofi kama watoto kwenye mazingaombwe.

Wiebke aliyatambua maneno yale mara moja. Aliyaandika na kuyasaini mwenyewe siku alipojiunga, miaka saba iliyopita, akayabandika hadharani. Sahihi ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilikuwa imeokotwa. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni, kifaa kidogo kama flashi. Angeweza kwenda chooni, akajifungia, akatuma kanusho lenye sahihi, akarudi na kumalizia keki yake bila mtu kujua. Akaanza kusukuma kiti.

Serpil akanyoosha mkono. "Samahani, kaka. Ukishawapa hao funguo za siri, si wataweza kusaini kwa jina la yeyote? Hata langu?"

Falk akatabasamu kwa upole wa daktari. "Dada, hayo ni mambo ya ndani kidogo. Wewe tuachie. Kwanza hongera kwa keki."

Serpil, aliyeandika nusu ya vipimo vya usalama vya programu ile, aliona haya akainamisha macho. Hapo Wiebke akausahau mlango wa choo.

"Sahihi hiyo ni ya lini?" aliuliza, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe.

"Ya leo, dada."

"Mbona haina tarehe wala habari yoyote ya leo? Sahihi ya juzi ukiionyesha leo inawaka kijani vile vile. Saini kitu kipya, hapa, mbele yetu."

Minong'ono ikaanza. Ottmar akakuna shingo. "Wiebke, unajua hapa hatuombi watu vitambulisho."

"Sijaomba kitambulisho, Ottmar. Naomba sahihi. Chama kizima kimejengwa juu ya sahihi, au nimekosea mlango?"

Mtu akacheka nyuma. Mwingine akapaza sauti, "Asaini hivi: keki ya Serpil mwaka huu haina sukari!"

"Mwongo wewe!" Serpil akang'aka, na ukumbi wote ukacheka. Ottmar akaiandika sentensi ile ukutani kama ilivyo, akamgeukia Falk.

Falk hakucheka. "Ningependa sana. Bahati mbaya ufunguo wangu wa siri sitembei nao. Upo nyumbani, Munich, kwenye sefu. Leo asubuhi kabla ya kuondoka nimeushika kwa mikono yangu mwenyewe. Kesho nitawatumia."

"Jibu linatakiwa leo," Wiebke alisema. "Basi nitasaini mimi."

Alipita katikati ya viti, akihisi macho yote mgongoni, macho yale yale aliyoyakimbia miaka saba. Akachomeka kifaa chake, akabonyeza. Programu ikazunguka. Ilizunguka muda mrefu kuliko kawaida, au ndivyo alivyoona yeye.

Kijani.

Zikapanda kelele za kuezua paa.

"Ameniibia!" Falk alipiga ukelele, amewiva uso. "Huyo mwanamke ameniibia ufunguo wangu!"

Wiebke akamgeukia. Alikuwa ametulia sasa. "Leo asubuhi ulikuwa mikononi mwako, Munich. Mimi tangu asubuhi nipo hapa napanga viti na wenzangu hawa. Nimeuiba saa ngapi, kaka?"

Kicheko kilichofuata kilimtoa Falk nje. Hakuna aliyemgusa. Alikusanya kompyuta yake, waya ukiburutika nyuma yake, akatoka na fulana yake.

Serpil alikuja mbele machozi yakimtoka, akampiga Wiebke begani kwa nguvu. "Miaka yote nakusifia Kalunguyeye, nawe unanitazama tu unakula keki yangu! Mshenzi wee!"

"Nilikuwa nafurahia."

"Keki au sifa?"

"Vyote."

Ottmar aligonga kengele mpaka ikachoka. Sauti yake ilikuwa na aibu ndani yake. "Kalunguyeye, chama kinangoja neno lako. Na tunakuomba radhi. Ukitaka, tutasahau sura yako tukitoka hapa. Sote."

Alijua wangejaribu kwa dhati, ndivyo walivyo. Angeweza kurudi nyuma ya lile jina, salama, akasifiwa kama Mnorwe mrefu mpaka uzeeni. Akawatazama. Wapo waliomwuliza zamani nani kakusaidia. Wawili wao walikuwa safu ya pili, wakichunguza viatu vyao.

Akavuta kibodi, akaandika polepole, na kila herufi ikatokea kubwa ukutani. *Nakataa. Funguo zikae mikononi mwa wenyewe. Mimi, Wiebke Harms, ndimi Kalunguyeye, na hakuna aliyenisaidia.*

Akaweka tarehe ya siku ile, akatia sahihi, akayatuma kwenye blokcheni, pale ambapo hakuna awezaye kufuta. Kisha akasimama wima, wakampigia makofi kwa jina lake.