Mwali wa Lukwambe

Watu wa mjini walicheka sana waliposikia kwamba kule chini ya Mafiga kuna watu wazima, wenye akili zao timamu na familia zao, wanaochangishana ili ndege walale vizuri. Chausiku binti Kibwana aliwaacha wacheke. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene wa mikono, mwepesi wa ulimi, na kicheko cha sokoni hakijawahi kumkosesha usingizi. Tena aliwakumbuka wengi wa hao wachekaji. Wakati wa nzige hawakuwa wakicheka.

Wakati wa nzige, vita vya Wazungu vikiwa bado havijaisha, mashamba ya Morogoro yaliliwa mpaka mabua. Mashamba yaliyolizunguka bwawa la Lukwambe peke yake ndiyo yaliyopona. Tunutu, wale nzige wachanga wasiojua kuruka, walipoanza kutambaa kuelekea kwenye mahindi, yangeyange na korongo walitoka kwenye matete ya bwawa wakawashukia. Walikula kutwa, na kesho yake wakala tena, wengine wakashiba hata kuruka kukawashinda, wakawa wanatembea kama waheshimiwa waliotoka karamuni. Mama yake Chausiku, Bi Furaha, akavuna. Na alipovuna hakufunga ghala. Watu walishuka kutoka milima ya Mgeta na watoto migongoni, naye akawapimia mahindi bila hata kuwauliza majina. Kabla hajafa alimwambia binti yake, "Bwawa hili ndilo lililotulisha. Usije ukalitupa."

Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Basi Lukwambe ikawa ya Chausiku kuitunza, na ya mjomba wake kuisemea mbele za watu. Kutunza hakukumshinda. Taabu ilikuwa kwa huyo msemaji, na tutamfikia.

Kwanza Chausiku alihangaika na wezi wa mayai, wakata matete na watega mitego. Aligombana nao mpaka sauti ikakauka. Siku moja akapata wazo ambalo mwanamke wa Kiluguru peke yake ndiye angelipata: akatangaza kwamba bwawa ni mwali. Kila mtu alijua maana yake. Msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani, hatoki, wala mwanamume hamchungulii, mpaka siku ya kumtoa kwa ngoma, na siku hiyo kila mwenye mkono humtunza kwa fedha. Ndivyo Lukwambe ilivyofanywa. Tangu yai la kwanza mpaka kinda wa mwisho aruke, hakuna mguu uliokanyaga mle. Makinda wakisharuka, mwali alitolewa, ngoma ikapigwa usiku kucha, na waliokuja kucheza wakatunza kwa moyo kama vile wanamtunza binti wa damu yao.

Tunzo hizo ndizo zilizonunua saruji na mbao za banio, yaani lile lango dogo la kuzuia maji. Maana ulikuwapo mfereji uliochimbwa na mafuriko, na masika yakiisha tu bwawa lilikuwa likikimbia lote kabla makinda hawajaota manyoya. Tunzo zisipotosha, lilikuwapo kapu la mwali. Watu wa Mgeta kila waliposhusha kabichi na karoti kwa lori, waliacha kapu moja kwa Abasi, muuza mboga wa sokoni Morogoro, naye aliliuza bila kujikatia chake. Na Abasi, ninyi hamumjui, alikuwa mtu wa kukukata hata kwenye kitunguu kimoja. Walinzi walikaa kwa zamu, na hakuna aliyelipwa hata ndururu. Na sheria ilikuwa moja: asiyelowesha miguu kwenye kazi ya mfereji hana neno juu ya Lukwambe.

Kiongozi wa watu wa Mgeta alikuwa Severini, mkulima mrefu mwenye rozari shingoni na mdomo usiojua kupumzika. Ukoo wake na ukoo wa Chausiku ni watani, kwa hiyo walitukanana kila walipokutana, na mambo yakawa mazuri.

"Padri akisikia nachangia unyago wa Waislamu, atanitoa kanisani," alipenda kusema Severini.

"Mwambie mwali mwenyewe ana mabawa," Chausiku alimjibu, "labda atamdhania malaika."

Sasa yule mjomba. Mjomba wake Chausiku alikuwa Mndewa Mwinjuma, mkubwa wa eneo lile, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mwaka ule wa hamsini na tatu, mwishoni mwa masika, alileta habari kwamba Jumamosi atakuja Lukwambe pamoja na bwana shamba. Ardhi isiyolimwa ni pori, alisema, na pori ni la Mndewa kugawa. Wako watu wa upande wa Turiani wanaoujua mpunga na wanatafuta mahali. Kama hataona kazi yoyote Lukwambe, matete yatachomwa wiki hiyo hiyo na bwawa likatwe majaruba ya mpunga.

Chausiku aliposikia hivyo alihesabu siku zilizobaki. Makinda walikuwa hawajaota hata unyoya wa kujifunika. Alijua pia kwamba kwa macho ya mtu aliyesimama barabarani, Lukwambe ni kichaka kilichosimama majini, basi. Kazi yake yote ilikuwa ya kuzuia: mtu asiingie, asikate, asichome. Utamwonyeshaje mjomba kitu ambacho hakikufanywa?

Ijumaa asubuhi alikwenda sokoni kumpelekea Abasi habari hizo. Alikuwa bado njiani akirudi, jua likiwa utosini, aliposikia makelele ya ndege. Akainua macho. Juu ya Lukwambe yangeyange wote walikuwa hewani, weupe mtupu, wakizunguka na kulia. Chausiku alivua viatu akavishika mkononi, akakimbia.

Ukingo wote wa upande wa barabara ulikuwa umefyekwa. Umefyekwa, umefagiwa, na matete yamepangwa mafungu mafungu kama kuni za arusi. Watu wa Mgeta, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakifuta jasho na kutabasamu. Severini alimjia na panga mkononi.

"Mtani, mbona umechelewa? Tumekuogeshea mwali. Mndewa akija kesho atakuta anang'aa!"

Chausiku alitazama nyuma ya Severini. Viota vilivyokuwa vimefichwa na yale matete vilikuwa wazi juani, na makinda, uchi kama walivyoumbwa, walikuwa wakitweta huku midomo iko wazi. Juu kabisa mwewe alikuwa ameshaanza kuzunguka.

"Nani aliwaambia mkate?"

"Hatukuingia ndani, mtani. Tumesimama ukingoni tu."

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lao, kosa la watu wa mlimani. Kule Mgeta, miaka ile serikali ilipowalazimisha kulima matuta, mkubwa akitangaza kuja watu hufyeka na kufagia shamba usiku na mchana, maana jani moja likionekana ni faini. Walijua kwamba ndani ya mwali hapaingiliki. Hawakujua kwamba ukingo ndio nguo yake. Habari za Mndewa zilikuwa zimewafikia kwa lori la mboga, wakashuka kwa miguu usiku kucha, kwa mapenzi matupu, wakamvua nguo.

Chausiku alimtukana Severini. Hayakuwa matusi ya utani. Alimwita mjinga na mharibifu, akamwuliza kama mama yake Bi Furaha alimpimia mahindi ili aje ayalipe kwa panga. Kila mtu alingoja Severini ajibu, kwa sababu mtani hakosi jibu. Severini aliinamisha kichwa, panga likamponyoka, na machozi ya mtu mzima yakamtoka mbele ya wake na watoto.

Chausiku alipoona hivyo, hasira ikamwisha ghafla na aibu ikakaa mahali pake. Akajifunga kanga kiunoni.

"Basi, yatosha. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Mwali akifunuka hufunikwa. Shikeni hayo matete tumjengee ua."

Wakajenga. Walichomeka miti kwenye tope la ukingoni, wakafunga fito, wakasimamisha matete yale yale yaliyokatwa, fungu kwa fungu, wakayabana kwa kamba za magome ya miti. Walifanya kazi kwa kunong'ona. Baada ya swala ya Ijumaa Abasi alifunga meza yake, akaja na wanaume wa Mafiga, kanzu wamezipandisha na kuzifunga viunoni, nao wakaingia topeni pamoja na wanawake wa Mgeta wenye rozari shingoni. Yule mwewe alifukuzwa kwa mawe ya kombeo. Makinda wachache walikuwa wameshaanguka majini wakafa, na hao hakuna ua ambao ungewarudisha. Jua lilipokuwa linashuka, kivuli cha ua kikawafikia waliobaki. Ndipo Chausiku akawaondoa watu wote, wakakaa mbali kwenye majani, wamechoka.

Yangeyange walizidi kuzunguka. Walishuka, wakauona ua, wakapaa tena. Chausiku aliona moyo wake unapaa na kushuka pamoja nao. Mwishowe mmoja akatua juu ya ufito, akageuza shingo huku na huku kama mama mwenye nyumba aliyekuta vyombo vyake vimehamishwa, kisha akaingia ndani. Wa pili akafuata. Halafu wakamiminika.

"Wamekubali," Severini alinong'ona.

"Wamekusamehe wao," alisema Chausiku. "Mimi bado nafikiri." Lakini alikuwa amemshika bega.

Jumamosi, saa tatu, Mndewa Mwinjuma alifika na kanzu yake, koti lake jeusi na viatu vya kung'aa. Nyuma yake alikuja Kasiani, bwana shamba kijana, soksi zimevutwa mpaka magotini. Watu wa Mafiga na wa Mgeta walikuwa wamejipanga kandokando ya njia, tope la jana likiwa limewakaukia miguuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, niingize nione."

"Huwezi kuingia, mjomba. Mwali yuko ndani."

Kasiani alitoa kicheko kidogo. "Mama, hili ni bwawa. Si msichana. Na Mndewa anataka kuona linafanya kazi gani."

Mndewa hakucheka. Alikuwa ameukaribia ua, akaugusa, akaufuata kwa mkono fundo baada ya fundo. Akatazama banio, mfereji uliozibwa, na jinsi maji yalivyotulia. Kisha akawageukia watu.

"Ua huu ameuamuru nani?"

"Hakuna," alisema Chausiku.

"Nani aliyelipwa?"

"Hakuna, mjomba."

Mndewa akamnyooshea kidole Severini. "Wewe ni mtu wa Mgeta. Kwenu hamshiki jembe la matuta mpaka mtozwe faini. Mimi mwenyewe huku kwangu natuma askari ndipo watu watoke majumbani. Hapa umeletwa na nani?"

"Na tumbo langu, Mndewa," alijibu Severini. "Wakati wa nzige lilikula hapa. Limekataa kusahau."

Mwanamke mmoja wa Mgeta akasema naye alikula hapa. Abasi akasema yeye hakula hapa, alikuwa na duka la kumlisha, lakini tangu aanze kuliuza kapu la mwali analala vizuri, na kwa mfanyabiashara hilo si jambo dogo. Watu wakatabasamu. Chausiku aliwatazama, Waislamu na Wakristo, miguu yote imekuwa rangi moja, akajisikia fahari ambayo hajapata kuisikia hata siku aliyojifungua. Hawa hakuwanunua. Hawa hawakuletwa na kiboko.

Mndewa akakohoa. Alisimama wima kama anavyosimama barazani anapotaka kutoa amri, mkono mmoja kwenye koti.

"Nimeona. Basi mimi nasema..."

"Mjomba, uniwie radhi," Chausiku alimkata. "Mambo ya Lukwambe hayasemwi na mtu mwenye miguu mikavu. Ndiyo sheria yetu. Hata mwalimu wa madrasa na katekista waliifuata kabla hawajafungua mdomo."

Hakuna aliyewahi kumkata Mndewa Mwinjuma neno lake, sembuse mtoto wa dada yake, mbele ya bwana shamba. Kasiani akajitokeza mbele. "Mndewa, mwanamke huyu amekuvunjia heshima. Mimi ningesema..."

Mndewa aliinua mkono, Kasiani akarudi nyuma. Yule mzee akatazama viatu vyake, akatazama miguu ya watu, mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa mstari. Kisha akavua koti, akampa Kasiani amshikie, akaketi chini kwenye majani na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Chausiku," alisema bila kuinua kichwa, "mimi nimepangiwa wapi?"

Chausiku akanyoosha mkono kuelekea mferejini.

"Kwenye banio, mjomba. Linavuja upande wa chini."

Mndewa alipandisha kanzu, akaingia mferejini mpaka magotini. Severini akamkatia udongo wa mfinyanzi, yeye akaupokea kwa mikono miwili akaushindilia kwenye ufa, akaomba mwingine, na mwingine tena, mpaka maji yakaacha kutoka. Alipojiinua, tope lilikuwa limemfika kwenye ndevu.

"Kasiani," alisema, "watafutie watu wa mpunga mahali pengine. Hapa panalimwa."

Wanawake walijaza vifua hewa, wa Mafiga na wa Mgeta pamoja. Chausiku akageuka upesi akaweka kidole midomoni, maana makinda walikuwa wamelala. Vigelegele vyote vikamezwa, na watu wakabaki wanatazamana, viganja midomoni, mabega yakiwatikisika kwa furaha.